Kibao cha Mita Nne

Kigera, Musoma
9 Machi 2024

Kaka Masatu,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Ghati na Mary mko wazima. Huku kwetu hatujambo. Mvua imekuja kwa fujo mwaka huu, ziwa limepanda mpaka kwenye mawe ya kufulia. Mama yuko Suguti, ana nguvu zake, macho tu ndiyo yanamsumbua. Hata hivyo kila asubuhi anakaa kwenye charahani. Ameanza kushona sare za misa ya shukrani, anatimiza miaka sabini, itakuwa tarehe 28 Desemba. Kitenge ni cha bluu chenye ndege. Anashona mapema hivi kwa sababu anasema macho yake hayana ahadi. Kwa hiyo nahitaji vipimo vya shati lako.

Nimeandika kwa karatasi maana simu zangu hupokei, na mwaka juzi ulisema kwenye karatasi mtu anapata nafasi ya kufuta neno kabla halijamfikia mwenzake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mimi na mwenzangu Clever tunatengeneza gemu ya kucheza kwenye simu. Ni ya kuruka. Kuna msichana mwenye begi la shule, anakimbia, anaruka mashimo, anapanda mawe, anatakiwa afike darasani kabla ya kengele. Kwenye steji ya tatu anakuta korongo. Juu ya korongo vimening'inia vibao vya kamba, vinabembea kwenda na kurudi. Anarukia kibao kikiwa upande wake, kinampeleka, anarukia kingine. Akikosea anaanguka.

Tumewapa watu thelathini wajaribu. Ishirini na sita wameacha palepale steji ya tatu. Ngumu siyo tatizo, watu wanapenda ngumu. Wanasema inadanganya. Clever mwenyewe ananiambia, "Dafroza, vibao vyako vina hasira." Nimetafuta kosa, sijaliona. Wewe unatengeneza bembea za shule miaka kumi na nne sasa. Gemu iko kwenye memori kadi ndani ya bahasha hii. Icheze, uniambie inadanganya wapi.

Mdogo wako,
Dafroza


Bunda
27 Machi 2024

Dafroza,

Marahaba. Sisi ni wazima. Ghati anakusalimu. Mary amepata 81 ya hesabu, Kiingereza tukiache. Bahasha yako ilikaa siku kumi na moja kwa wakala wa basi kwa sababu uliandika "Fundi Masatu, Bunda," kama vile Bunda nzima ina fundi mmoja. Siku nyingine andika: Masatu wa mageti, nyuma ya kinu cha pamba.

Gemu sijawahi kucheza. Umri wa kucheza ulinikuta nabeba vyuma vya watu, hilo unalijua, sina haja ya kulieleza. Lakini kazi ukiniletea naifanya.

Nimecheza steji yako mara hamsini. Nimekufa mara arobaini na moja. Ghati alikuwa anachambua mchicha pembeni, akasema, "Mume wangu, siku hizi umekuwa fundi wa kufa." Mary akacheka mpaka akakaa chini. Wacheke. Mimi niliandika kila kifo kwenye daftari. Kibao cha kwanza nimekufa mara 6. Cha pili mara 4. Cha tatu mara 31. Kosa halijatawanyika, liko sehemu moja.

Kile cha kwanza na cha pili vinabembea vyenyewe. Cha tatu mchezaji lazima akisukume kwanza, kiende ng'ambo, kirudi, ndipo arukie. Nikibonyeza kidogo, kinasukumwa taratibu, kinarudi kwa sekunde mbili. Nikibonyeza sana, kinasukumwa kwa nguvu, kinarudi kwa sekunde moja. Hapo ndipo unapodanganya watu. Nina bembea 216 zimesimama mkoa huu na sijaona hata moja yenye tabia hiyo. Kwa nini iko hivyo siwezi kusema bado, sikuwahi kupima. Nitapima.

Ila na wewe nijibu. Nani alikufundisha kwamba kibao kikisukumwa sana kinawahi kurudi?

Suala la vipimo vya shati liache. Na hapo pia nina swali moja: vipimo ameviomba mama, au umeviomba wewe?

Masatu


Kigera
15 Aprili 2024

Kaka,

Shikamoo. Hongera kwa Mary, 81 siyo mchezo, mimi nilikuwaga naishia 40. Huku dagaa wamekuwa wengi mpaka kunguru wanachagua. Mama aliumwa mafua wiki mbili, amepona. Amemaliza magauni mawili.

Nimecheka kuhusu vifo vyako, nikamsomea Clever. Anasema kati ya wote thelathini hakuna aliyemletea taarifa nzuri kama hiyo, na kama ukichoka kuchomelea una kazi kwetu.

Kuhusu kibao cha tatu, hakuna aliyenifundisha. Nilifikiri ndivyo ilivyo. Kitu kikisukumwa sana kinakwenda mbio, kikienda mbio kinawahi. Clever aliandika programu nilivyomwambia. Kumbe sivyo? Basi kinabembea kwa sheria gani? Ni uzito wa aliyepanda? Ni urefu wa kamba? Ni upana wa kubembea? Pima vyote, kaka, tafadhali, nataka kujua kweli. Nimekuchorea steji yenyewe nyuma ya karatasi hii, uone kamba zinafungwa wapi.

Kipande cha kitenge chako nimekiweka sandukuni kwangu.

Dafroza


Butiama
8 Juni 2024

Dafroza,

Salamu. Nakuandikia nikiwa Butiama, tunafunga bembea sita kwenye shule moja ya msingi, mimi na Amini, yule Mwislamu ninayefanya naye kazi tangu 2011. Anakusalimu. Alikuwa mgonjwa wa mgongo, sasa hajambo, isipokuwa kikija kitu kizito cha kubeba.

Nimekawia kwa sababu sikutaka kukuandikia maneno, nilitaka namba. Hizi hapa.

Tulifunga mnyororo wa mita moja. Tukaachia, tukahesabu kwenda na kurudi mara ishirini, Amini akiwa ameshika saa ya simu. Sekunde 40. Tukafunga wa mita mbili. Mimi nilikuwa na uhakika itakuwa 80. Ikawa 57. Nikamwambia Amini saa yake mbovu. Akaniambia, "Ubovu uko kwenye matumaini yako, fundi, siyo kwenye saa." Tukarudia, 57. Ndipo tukapanda kwenye mnara wa tenki la maji, tukaning'iniza wa mita nne. Hapo ndipo zikatoka 80. Yaani ukitaka muda mara mbili, mnyororo lazima uwe mara nne. Miaka kumi na nne nakata minyororo na hili sikulijua. Niliona aibu, halafu nikaona raha, halafu nikataka kupima kila kitu.

Uzito. Tukaweka mfuko wa kilo 25 wa mchanga, 80. Mifuko mitatu, 80. Amini akasema minyororo haijui nani amekula.

Nguvu ya kusukuma. Hili ndilo lako. Tukasukuma taratibu, kikabembea hatua moja tu, 80. Nikasukuma kwa nguvu zangu zote, kikaenda mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini kuangalia, 81. Nikarudia mara tano. 81, 81, 80, 81, 81. Ukikisukuma sana kinakwenda mbali zaidi, na mbio zaidi, lakini safari nayo inakuwa ndefu, vinalipana. Hakiwahi. Kama kuna tofauti, kinachelewa kidogo.

Hapo nikakaa kwenye mguu wa mnara na mchoro wako. Dafroza, umechora mkuyu. Umechora mawe matatu chini, na la katikati limechongoka. Unadhani sijui pale ni wapi?

Ile kamba ya korongoni kwetu niliifunga mimi. Baba alinipa kipande cha kamba ya kokoro, wavu wake wa kuvulia samaki, mita tisa, nikakata katikati, nusu mita ya kila kamba ikaenda kwenye mafundo, zikabaki mita nne. Watoto wote wa upande wetu tulikuwaga tunavukia hapo kwenda shule. Mkubwa anasukuma, kibao kinaenda tupu ng'ambo, kikigeuka kule anaita moja, kikifika katikati anaita mbili, kikifika kwetu anaita tatu, na mdogo anakanyaga pale kinapotulia. Kwenda na kurudi sekunde nne. Kurudi peke yake, mbili. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabla sijajua kwamba kuna hesabu.

Mwaka 1999 ulikuwa na miaka minane, mimi kumi na tatu. Ukaanguka, mguu ukavunjika sehemu mbili, mpaka leo wa kushoto ni mfupi. Na habari iliyokaa nyumbani ni moja tu: Masatu alisukuma kwa nguvu kwa sababu ya ujinga wake, kibao kikarudi kabla ya hesabu, kikampiga mtoto. Baba alinichapa. Mama alikuwa akinitazama kama mtu anayetazama nyoka ndani ya nyumba, na hilo lilizidi fimbo. Mwaka uliofuata nikapanda lori la pamba kuja Bunda, miaka kumi na nne, na begi la plastiki. Miaka ishirini na mitano nimekuwa nikijiuliza mkono wangu ulisukuma kiasi gani.

Sasa nimepima. Kama kibao hakiwahi, basi siku ile nani aliwahi?

Masatu


Bunda
20 Agosti 2024

Dafroza,

Salamu. Wiki kumi na siku tatu. Wakala wa basi anasema bahasha ilichukuliwa na kusainiwa, saini ni yako, D yenye mkia.

Sisi wazima. Pamba imeanza kuingia kinuni, vumbi tupu.

Sikudai jibu, jibu nimeshalijua. Ila kazi uliyoniletea haijaisha, na mimi siachi geti bila bawaba. Weka sauti. Bembea isiyotiwa grisi inaliaga kila inapogeuka, huku mara moja, kule mara moja. Pale Butiama nimeona watoto wakisubiri zamu, hawaangalii bembea, wanasikiliza. Kwenye gemu yako kibao kiko kimya, mtu anabaki kubahatisha. Ukiweka mlio kwenye kila mgeuko, mchezaji atajihesabia mwenyewe. Akianguka atajua kosa ni lake. Mtu akijua kosa ni lake anarudia. Akiona ameonewa anaondoka.

Mimi niliondoka.

Masatu


Kigera
29 Septemba 2024

Kaka yangu Masatu,

Shikamoo. Sina habari za dagaa leo. Wote wazima, na naomba uniruhusu nianze.

Barua yako ya Juni nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nimekuandikia mara nne na kuchana mara nne. Karatasi zinafuta sana, kaka, ulisema kweli.

Nani aliwahi? Mimi.

Nilikanyaga kwenye mbili. Hukuniona kwa sababu ulikuwaga ukihesabu unaangalia ng'ambo, kule kilikogeuka. Nyangi wa jirani na wenzake walikuwa wameshavuka, wananicheka, "Dafroza anasubiri kaka amhesabie kama kuku." Nikataka kuonyesha siihitaji hesabu yako, naweza kukidaka katikati. Sikujua kwamba katikati ndipo kina kasi kuliko mahali popote. Kilinipiga gotini, nikaenda chini kwenye lile jiwe.

Hospitali mama alikaa pembeni ya kitanda. Sikutunga uongo wowote. Alinong'ona yeye, "Alisukuma sana, eti? Kikawahi?" Nikatikisa kichwa kukubali. Basi. Ni kichwa tu kilichotikisika, na wewe ukapoteza nyumba. Ulipoondoka nilikuwa na miaka tisa, nikajiambia nitasema ukirudi. Hukurudi. Halafu ikawa nimekaa na uongo huo muda mrefu mpaka nikaanza kuuamini. Ulipouliza nani alinifundisha kwamba kibao kinawahi, nilishtuka, maana jibu ni kwamba nilijifundisha mwenyewe. Niliuamini kiasi cha kumwambia Clever auandike kwenye kompyuta, na watu ishirini na sita wasionijua wakashika simu dakika kumi wakaona inadanganya.

Na vipimo niliomba mimi. Mama hakuomba. Alinunua kitenge cha watoto watatu, mimi na dada zetu wawili, nikaongeza mita mbili na nusu bila kumwambia.

Sema chochote utakachosema.

Dafroza


Bunda
20 Oktoba 2024

Dafroza,

Salamu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilitoka nikakata chuma ambacho hakikuwa na sababu ya kukatwa. Ya pili nilimpa Ghati aisome, akaniambia, "Alikuwa mtoto wa miaka minane. Lakini sasa hivi ana thelathini na tatu," akanirudishia. Ya tatu nilisoma taratibu.

Kwa wa miaka minane sina kesi. Huyo ningembeba mwenyewe mpaka hospitali, na nilimbeba, labda umesahau, kilomita nne, mpaka barabarani. Wa thelathini na tatu ndiye ninayemwandikia. Umeniambia mimi. Mimi si wa kuambiwa, mimi nilikuwepo. Wa kuambiwa yuko Suguti kwenye charahani.

Nina swali dogo, halihusiani na hasira. Ulipoanguka, ulinisikia nikiita tatu? Mimi nakumbuka niliita. Nimekuwa nikijiuliza kama niliita nikiwa nimeshasikia kishindo au kabla.

Memori kadi yenye steji mpya nimeipata. Mlio mmeuweka vizuri, ingawa bembea yangu haiwezi kulia kama mbuzi, mwambie Clever ashushe kidogo. Kamba ndefu sasa zinakwenda pole, fupi zinakwenda haraka. Nimecheza mara kumi, nimepita mara tisa. Ile moja nilikanyaga kwenye mbili kwa makusudi. Nilitaka kuona.

Masatu


Kigera
1 Desemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Nilikusikia ukiita tatu. Nilikuwa nimeshalala chini, nikasikia juu yangu sauti yako inaita tatu, kwa nguvu na kwa furaha, kama kila siku. Sijawahi kumwambia mtu.

Jana nilikwenda Suguti. Nilimkuta mama anachambua maharage uani. Shikamoo, marahaba, habari za mjini, nikakaa kwenye kigoda nikamwambia lote, pamoja na namba zako za Butiama. Hakuinua uso. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. Nikadhani hakusikia, nikaanza upya, akasema, "Nimesikia. Lete kamba."

Nikaleta kamba ya mbuzi. Akaifunga mwenyewe kwenye boriti ya jikoni, chini akafunga jiwe la kusagia, lile dogo. Akalisukuma taratibu, anahesabu kwa Kijita. Akalisukuma kwa nguvu mpaka likagonga sufuria ya uji, uji ukamwagika, hajali, anahesabu. Taratibu. Nguvu. Taratibu. Mara saba alifanya, nilihesabu, nimeanza kuwa kama wewe. Zote sawa.

Akalishika jiwe likatulia. Akasema, "Kumbe hata ningesukuma mimi."

Nikasema ndiyo, mama.

"Na mimi ndiye niliyekuuliza kama kiliwahi. Nilikuwekea mdomoni."

Nikasema mimi ndiye niliyekubali. Akasema, "Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mama yenu wote wawili pale, nikawa mama wa mmoja." Hakunitukana, kaka. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, ningejua pa kuyaweka.

Akaingia ndani, akakaa kwenye charahani, akakaa tu bila kushona. Nikamletea ile mita mbili na nusu. Akaipima kwa kiganja, akaniuliza nani aliongeza, nikasema mimi. Akaitandaza mezani, akachukua chaki, akabaki ameishika. Shati la mwisho alilokushonea lilikuwa la darasa la saba.

Akasema, "Sijui hata kifua chake kimekuwa kiasi gani. Mwandikie. Sema ni mimi ninayeuliza."

Ni mama anayeuliza.

Dafroza


Bunda
7 Desemba 2024

Dafroza,

Marahaba. Sisi wazima.

Amini amenipima leo mchana kwa utepe wa chuma, wa nguo hatuna. Tumepima mara mbili, zimekubaliana.

Kifua 108. Mabega 49. Mkono 63. Urefu 76. Shingo 42.

Bega la kulia liko chini kuliko la kushoto kwa sentimita moja na nusu, ni kwa kubeba vyuma. Mwambie mama asilifiche, akate lilivyo.

Ghati kifua 96, kiuno 84. Mary bado anakua, aache pindo.

Masatu